Pingili za Bahari ya Kale: Mwongozo wa Kutafuta na Kutambua Visukuku vya Krinoidi kwa Mkusanyaji wa Juba

Krinoidi ni mnyama wa baharini wa kundi la ekinodemu, yaani ukoo ule ule wa kiti cha pweza, jongoo bahari na yule mnyama mviringo mwenye miiba mirefu anayewachoma wavuvi miguuni. Kwa kuwa aina zake nyingi za kale zilisimama juu ya sakafu ya bahari kwa bua refu lililobeba kikombe na mikono iliyochanua, J. S. Miller aliliita kundi zima Crinoidea katika kitabu chake cha mwaka 1821, akilitoa jina hilo katika neno la Kigiriki lenye maana ya yungiyungi. Mfano huo unaeleweka upesi kwa mtu aliyewahi kuona maua yanavyoelea katika maji ya Sudd, ila tofauti ni kubwa: yungiyungi wa Sudd ni mmea unaoishi kwa mwanga wa jua, ilhali krinoidi ni mnyama mwenye kinywa na utumbo, anayetandaza mikono yake katika mkondo wa maji ili anase chembe za chakula. Hakutoweka duniani. Jamaa zake wasio na bua, wanaofanana na unyoya, wangali wanashikilia matumbawe ya pwani ya Kenya na Zanzibar, na wale wenye bua wamebaki katika vilindi ambavyo mzamiaji wa kawaida hafiki.

Mkusanyaji anayeanza na asitarajie kumpata mnyama mzima. Mwili wa krinoidi umejengwa kwa maelfu ya vipande vidogo vya madini ya kalsaiti, yaani madini yale yale yanayofanya jiwe la chokaa, na vipande hivyo hushikwa pamoja na nyama na kano zinazooza ndani ya siku chache au wiki chache baada ya mnyama kufa, kwa hiyo mawimbi humtawanya kabla matope hayajamfunika. Kinachobaki kwa wingi ni vipande vya bua, na kwa hivyo hakuna neno bora kuliko pingili, kwa maana bua la krinoidi limepangwa pingili juu ya pingili kama muwa au mtama, isipokuwa kila pingili ni kisahani kifupi chenye tundu katikati. Pingili moja iliyotengana na wenzake hufanana sana na ushanga, na kufanana huko kumewavutia watu wa nchi nyingi: katika pwani ya kaskazini mwa Uingereza pingili zilizookotwa ufukweni ziliitwa shanga za Mtakatifu Cuthbert.

Jambo la kwanza ambalo mwongozo huu hauna budi kulisema waziwazi ni kwamba pingili za krinoidi hazipatikani katika miamba ya Juba, na sababu zake zinafaa kueleweka vizuri, kwa kuwa ndizo zinazomfundisha mkusanyaji kutafuta kwa akili badala ya kutafuta kwa bahati. Ekinodemu hawana uwezo wa kulinda chumvi ya miili yao katika maji baridi, wala hakuna aliyewahi kuzoea kuishi mtoni au ziwani. Kwa hiyo mwamba usiotokana na bahari hauwezi kuwa na krinoidi, hata uwe mzuri namna gani. Jebel Kujur, mlima unaoonekana magharibi mwa mji, na miamba mingine inayochomoza kuzunguka Juba ni ya msingi wa kale wa bara, hasa itale, ambayo ni mwamba ulioganda kutoka katika uji wa moto wa chini ya ardhi, na naisi, ambayo ni mwamba uliookwa na kukandamizwa hadi madini yake yakajipanga kwa michirizi. Miamba hiyo iliokwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kabla krinoidi wa kwanza wanaojulikana hawajaonekana baharini yapata miaka milioni 480 iliyopita.

Marumaru inayopatikana upande wa Kapoeta huwapa wengi tumaini kwa sababu huchemka ikidondoshewa asidi kama chokaa yoyote, lakini nayo ni ya msingi huo huo wa kale, na joto limeifanya fuwele upya kiasi kwamba haibaki alama ya kiumbe ndani yake. Hata matabaka manene yaliyojaa katika mabonde ya kaskazini mwa nchi, ambamo mafuta huchimbwa, yalitokana na mito na maziwa ya enzi ya Kretasi na enzi zilizofuata. Mafuta ya Sudan Kusini, kwa maneno mengine, yalizaliwa katika matope ya maziwa, na maziwa hayana krinoidi. Wala mto hausaidii, kwa kuwa maji yanayopita chini ya daraja la Juba yametoka katika maziwa ya Victoria na Albert na kuingia nchini kwa Nimule yakipita juu ya miamba ya msingi, huku chokaa ya bahari iliyo katika korongo la Nile ya Buluu nchini Ethiopia ikimomonyoka kuelekea Khartoum, mbali sana chini ya mkondo.

Hata hivyo Juba ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwa sababu mkusanyaji anayelijua barabara jiwe lisilo na krinoidi hatadanganyika atakapofika penye chokaa. Kokoto zinazopondwa kwa nyundo kandokando ya mji, kazi ambayo wanawake wengi wa Juba wanaishi kwayo, ni darasa lililo wazi: inafaa mkusanyaji anunue ndoo moja, aizoee rangi ya kila madini, na ajaribu kila kipande kwa msumari wa chuma. Kwatsi, yale madini meupe au ya kijivu yanayong'aa kama kioo kilichovunjika, haikwaruzwi na msumari bali yenyewe hukwaruza chupa. Kalsaiti hukwaruzwa kwa urahisi na kuacha unga mweupe. Jaribio la pili ni la siki. Unga uliokwanguliwa kutoka katika jiwe la chokaa hutoa viputo vidogo ukidondoshewa siki, nao unga wa itale hautoi chochote. Siki itumiwe juu ya unga tu, au juu ya kipande kisicho na thamani, maana kisukuku cha krinoidi chenyewe ni kalsaiti na siki hukila.

Vitu vinavyomdanganya mkusanyaji wa Juba ni vichache na vinatambulika. Murram nyekundu ina vijidonge vya chuma vilivyo mviringo, na baadhi yake vikipasuka huonyesha pete ndani ya pete, lakini havina tundu la katikati lenye ukingo safi, ni vizito, na huacha rangi ya kutu vikisuguliwa juu ya kigae. Mizizi ya miti iliyogandiwa na chokaa katika udongo mweusi hutoa vijiti vyenye tundu, na hivi ndivyo vinavyofanana na bua la krinoidi kuliko kitu kingine chochote nchini. Tofauti ni kwamba kijiti cha mzizi hakikugawanyika pingili kwa pingili, unene wake hubadilika ovyo, na ndani yake ni unga wa chokaa usio na mng'ao. Magamba ya chaza wa mtoni, hata yakiwa ya kale, ni ya maji baridi, nayo yanamwambia mkusanyaji kwamba mahali hapo hapakuwa bahari.

Usalama hauna budi kutangulia udadisi. Vita vya miaka mingi viliacha mabomu ya ardhini na risasi zisizolipuka katika maeneo mengi ya Equatoria, na mawe yaliyopakwa rangi nyekundu au vibao vyenye fuvu ni onyo la kweli, kwa hiyo asiachwe mtu yeyote aondoke kwenye njia inayokanyagwa kila siku ili akaangalie mwamba. Mgeni anayepiga mawe kwa nyundo hudhaniwa pia kuwa anatafuta dhahabu, na dhana hiyo ina uzito katika nchi ambamo dhahabu ya Kapoeta imewavuta wengi. Heshima na busara zinataka chifu na wazee wa mahali wasalimiwe kwanza na kuelezwa shughuli yenyewe. Kupiga picha nako kuombewe ruhusa.

Bahari ya kale iliyo karibu na msomaji wa Juba, kwa maana ya barabara anayoifahamu, ni ile ya pwani ya Kenya. Malori yanayoleta unga, saruji na vipuri kutoka bandari ya Mombasa hupita Nairobi, Kampala na Gulu hadi Nimule, kisha humaliza kilomita 192 za lami hadi Juba. Mkusanyaji akiifuata njia hiyo kinyumenyume atakuwa akitoka katika mwamba usio na visukuku na kwenda penye matabaka ya bahari ya enzi ya Jurasiki, enzi iliyoanza miaka milioni 201 hivi iliyopita na kwisha miaka milioni 145 hivi iliyopita. Wakati huo bara kubwa la kusini lilikuwa limeanza kupasuka, Madagaska ikaanza kujitenga na Afrika, na bahari ikaingia katika ufa na kutandika chokaa na matope kuanzia Ethiopia na Somalia hadi Lindi.

Njia ya mwisho kuelekea Mombasa husomeka kama kitabu kwa mtu anayezitazama kingo zake. Baada ya jangwa la Taru mwamba ni jiwe mchanga na mwambatope wa kundi linaloitwa Duruma, lililotandikwa katika enzi za Permi na Triasiki kwa sehemu kubwa na mito na maziwa. Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras ni majina ya vituo vya barabarani na pia majina ya matabaka yenyewe, na jiwe mchanga la Mazeras lina magogo ya miti yaliyogeuka mawe. Hapa bado si pahali pa krinoidi. Mashariki yake, katika nyanda za Kaloleni na Kilifi, huja chokaa ya Kambe ya Jurasiki ya kati, iliyoitwa kwa jina la Wakambe, mojawapo ya makabila ya Mijikenda: chokaa ya kijivu ya bahari ya kina kifupi, yenye matumbawe, magamba, na katika sehemu fulani chembe mviringo kama mayai ya samaki zilizojiviringisha katika maji yenye mawimbi. Juu ya chokaa hiyo hufuata mwambatope wa Jurasiki ya juu unaochomoza kuanzia Miritini hadi Changamwe na Port Reitz, maarufu kwa amonaiti, yaani wanyama wa jamii ya pweza waliokuwa na gamba lililojikunja kama pembe ya kondoo, ambao walianza kuandikwa na wataalamu wa Ujerumani katika karne ya 19. Kisha, ukingoni kabisa, kuna jiwe la matumbawe ambalo juu yake Wareno walijenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593.

Jiwe hilo la mwisho ndilo linalowapoteza wageni wengi, kwa sababu limejaa visukuku vinavyoonekana bila kutafutwa, na baadhi ya matumbawe yake yana nyota ndogondogo zinazofanana na pingili. Umri wake ni wa enzi ya Pleistosini, kiasi cha laki moja na kitu ya miaka, na krinoidi wenye bua walikuwa wamekwisha kuhamia vilindini muda mrefu kabla ya hapo. Nyota ya tumbawe huwa na kuta nyembamba nyingi zinazoelekea katikati, nayo imeungana na nyota jirani zake katika jiwe moja, wakati pingili ya krinoidi ni kipande kinachosimama peke yake chenye mipaka iliyo wazi. Mtu akilikumbuka hilo peke yake, atakuwa ameepuka kosa linalojirudia kuliko yote katika makusanyo ya pwani.

Kwa mtu anayetafuta krinoidi, basi, chokaa ya Kambe na mwambatope ulio juu yake ndivyo vya kuangaliwa, na kila kimoja kina njia yake. Katika chokaa ngumu nyundo haisaidii sana. Kinachosaidia ni jua na mvua, kwa kuwa uso wa jiwe uliokaa nje miaka mingi huliwa polepole na maji ya mvua huku vipande vya krinoidi, ambavyo kila kimoja ni fuwele moja nzito, vikichelewa kuliwa na kubaki vimechomoza. Jiwe lisogezwe hadi mwanga uliangukie kwa ubavu, asubuhi au jioni, na litazamwe likiwa limelowa, kwani maji huyaonyesha yaliyomo. Mahali palipovunjika karibuni huwa na dalili nyingine isiyodanganya: kipande cha krinoidi kikivunjika hutoa uso bapa unaomulika kama kioo kidogo, na jiwe likigeuzwa taratibu mkononi vioo hivyo huwaka na kuzima kimoja baada ya kingine. Gamba la chaza halifanyi hivyo.

Mwambatope hutaka subira zaidi na hutoa zaidi. Mkusanyaji achukue kilo mbili au tatu za tope lililokauka kutoka katika tabaka moja tu, asichanganye matabaka, aliache juani hadi likauke kabisa, halafu alitumbukize katika ndoo ya maji. Tope lililokauka vizuri hunyonya maji kwa ghafla na kujisambaratisha lenyewe bila kupondwa. Uji huo humiminwa juu ya chekecheke yenye matundu ya milimita moja hivi huku maji yakimiminwa kwa upole, na mabaki hukaushwa na kumwagwa kidogo kidogo katika sahani nyeupe, ambamo huchambuliwa kama mchele, kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa ncha. Nyota ya milimita tatu isiyoonekana kabisa katika jiwe hutokea hapo ikiwa safi, na mtu aliyewahi kuiona mara moja haachi tena kupekua.

Sheria hailifanyi jambo hili kuwa mchezo wa kila mtu. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inataka leseni kwa yeyote anayetafuta au kuchimba vitu vya paleontolojia, yaani elimu ya visukuku, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali; nchini Tanzania mambo hayo yanaongozwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na marekebisho yake. Mkazi wa Juba asiye na kibali aende kuangalia, kupiga picha na kuchora, na anayetaka kukusanya aanzie Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Misitu ya kaya za Mijikenda, ambayo mingine imo juu ya chokaa hiyo hiyo na ambayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, isiguswe hata jiwe moja: ni mahali pa ibada na makaburi ya wazee, na ruhusa ya kuingia hutolewa na wazee wa kaya. Ukali wa sheria hizi una historia. Kati ya mwaka 1909 na 1913 tani nyingi za mifupa ya dinosaria zilibebwa kutoka Tendaguru, Lindi, hadi Berlin, na kiunzi kikubwa kilichotokana nazo kimesimama huko hadi leo, mbali na watu waliokibeba vichwani hadi bandarini.

Kutambua kisukuku kuanze na kukitazama, si na jina. Pingili iwekwe juu ya kidole na itazamwe kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi, lenzi ikiwa imekaribia jicho na kisukuku ndicho kikisogezwa. Umbo la nje ndilo la kwanza: duara, yai, pembe tano, au nyota. Tundu la katikati, ambamo neva na mishipa ya mnyama ilipita, ni la pili, nalo laweza kuwa duara au lenye pembe tano, na liandikwe mbali na umbo la nje kwa sababu mara nyingi hayafanani. Uso ambao pingili moja iliukalia mwenziwe ni wa tatu, nao ndio wenye habari nyingi. Katika krinoidi wa kundi la isokrinida, waliokuwa wengi katika bahari za Jurasiki na ambao bado wanaishi, uso huo una mchoro wa petali tano zilizozungushiwa meno madogo, mithili ya ua lililochongwa kwa sindano. Meno ya pingili moja yalishikana na ya nyingine ili bua lipinde bila kuteleza. Katika kundi la milerikrinida pingili ni duara, nene, na uso wake umejaa mistari inayotoka katikati kama miale ya jua. Jenasi yake inayojulikana sana, Apiocrinites, ilikuwa na bua lililopanuka kuelekea kikombe hadi likafanana na peasi, na spishi yake iitwayo Apiocrinites negevensis ilielezwa mwaka 2012 kutoka katika matabaka ya Jurasiki ya jangwa la Negevu, matabaka ya bahari zile zile zilizofika Ethiopia.

Ubavu wa pingili nao usiachwe. Bua la isokrinida lina pingili maalumu, zilizopangwa kwa nafasi, zenye makovu matano ya mviringo palipoota vikono vya kushikilia sakafu; kovu moja tu likionekana latosha kuthibitisha kwamba kilichoko mkononi si ushanga wala mzizi. Idadi ya tano ni ya ukoo mzima wa ekinodemu na hujirudia kila mahali, kwa hiyo kitu chenye pande sita au nne kitiliwe shaka. Vipande vya kikombe ni vigumu zaidi, kwa kuwa ni mabamba yenye pembe nyingi yasiyo na tundu, na vipande vya mikono huwa na mfereji upande mmoja, ambamo chakula kilisukumwa kwenda kinywani.

Katika sehemu kubwa ya visukuku hivi jina la spishi halitapatikana, na mkusanyaji asione haya. Spishi nyingi zimeelezwa kwa kikombe na mikono, ilhali mabua ya spishi tofauti hufanana, na hata wataalamu Moore na Jeffords, waliojaribu mwaka 1968 kuyapa majina mabua yaliyotengana, walikuwa wakiyapanga kwa maumbo zaidi kuliko kwa wanyama wenyewe. Lebo isemayo "pingili ya isokrinida, Jurasiki ya juu" ni ya kweli na ina faida. Jina refu la Kilatini lililonakiliwa kutoka katika picha inayofanana ni hasara kwa kila atakayelitumia baadaye.

Kwa familia nyingi za Juba kuna njia nyingine, nayo ni ya ndugu walioko ng'ambo. Omaha katika jimbo la Nebraska ina mojawapo ya jamii kubwa kabisa za Wasudani Kusini nchini Marekani, na Des Moines katika jimbo jirani la Iowa ina wengi pia, na miji hiyo miwili imezungukwa na chokaa za enzi ya Kabonifera, enzi ambayo sehemu yake ya kwanza, miaka milioni 359 hadi 323 iliyopita, wanasayansi huita zama za krinoidi kwa wingi wao. Chokaa ya bonde la Mto Platte, kusini mwa Omaha, hupondwa kuwa kokoto za barabara na za nyua, kwa hiyo mjomba au shangazi anaweza kuinama mbele ya nyumba yake na kuokota pingili iliyomshinda mtafutaji wa Equatoria maisha yake yote. Iowa imebarikiwa zaidi: machimbo ya Le Grand yalitoa mabamba yenye krinoidi wazima, mikono na bua vikiwa pamoja, kwa sababu tope liliwafunika kabla hawajaoza, na Missouri, jimbo la kusini yake, lilimfanya krinoidi kuwa kisukuku chake rasmi mwaka 1989.

Ndugu huyo aelezwe sheria kabla ya kuelezwa mahali. Katika ardhi ya umma inayosimamiwa na Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya serikali ya shirikisho mtu anaruhusiwa kuokota visukuku vya kawaida visivyo vya wanyama wenye uti wa mgongo kwa matumizi yake, hadi ratili 25 kwa siku, sawa na kilo 11 hivi, bila kuviuza wala kuvibadilisha kwa bidhaa. Katika hifadhi za taifa haruhusiwi hata kimoja. Na katika shamba au machimbo ya mtu ruhusa ni ya mwenyewe. Karibu na Rockford, Iowa, kuna hifadhi ya kaunti iliyo katika machimbo ya zamani ya udongo wa matofali, ambamo wageni huruhusiwa kuokota kwa ajili yao wenyewe, na ni mahali pazuri pa kupeleka watoto. Kifurushi kinachotumwa Juba kiwe na karatasi ndani yake inayotaja kila kilipookotwa, maana jiwe lisilo na mahali ni pambo tu.

Kununua kuwe kwa mwisho. Mabamba meusi na ya kijivu yenye krinoidi wakubwa wa jenasi Scyphocrinites, yanayouzwa katika masoko ya mawe ya dunia nzima, hutoka Morocco, kusini mwa milima ya Atlas, na mengi ni ya kweli, lakini mengi pia yameunganishwa kutoka vipande vya wanyama tofauti, yakajazwa gundi na kupakwa rangi. Lenzi huonyesha viputo vya hewa ndani ya gundi, rangi inayopita juu ya ufa bila kukatika, na mikono isiyoungana na kikombe chake. Muuzaji anayekataa jiwe lake lisichunguzwe kwa lenzi amekwisha kujibu swali.

Nyumbani kazi ni ya maji, mswaki laini na muda. Jiwe lilowekwe katika maji yenye sabuni kidogo ya unga kwa usiku mmoja, lisuguliwe taratibu, na tope lililobaki katika petali litolewe kwa sindano chini ya lenzi, kwa kufuata mfereji na si kuukata. Siki na asidi zisikaribie. Likikauka kivulini, doa la rangi nyeupe ya kucha lipakwe mahali pasipo na umbo lolote, namba iandikwe juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika, na doa la pili la rangi isiyo na rangi lipakwe juu ya namba hiyo. Namba iyo hiyo iandikwe daftarini pamoja na tarehe, jina la mahali, tarakimu za latitudo na longitudo kama simu inavyozionyesha, aina ya mwamba, kina cha tabaka chini ya alama inayoweza kuonekana tena, na vipimo viwili kwa milimita: upana wa pingili na kimo chake. Mchoro wa penseli wa uso wa pingili, mkubwa wa kujaza nusu ya ukurasa, una thamani kuliko picha ya simu, kwa kuwa mkono unaochora hulazimika kuyahesabu meno ya kila petali, na ni katika hesabu hiyo ambapo mtu hugundua kwamba pingili mbili alizozidhani za aina moja zina meno kumi katika petali ya moja na kumi na manne katika petali ya nyingine. Pingili hizo zitengwe katika vijisanduku viwili, kila kimoja na namba yake, hadi ya tatu itakapopatikana.